Lenga-lenga haina kosa. Mupime udongo, mupime maji

Wandugu, tuanze na hili, ili mtu asikate kipande cha maandiko yetu na kukitupa WhatsApp bila mkia wake: hatukatazi mtu kula mboga. Atakayesema "bale vijana banasema lenga-lenga ni sumu" anatusingizia. Mama anayepanga mafungu yake sokoni Kenya au Katuba si adui wa mtu. Lile fungu la franka mia tano limelipa minerval ya wengi wetu tunaoandika hapa. Tunachosema ni kingine: yule mama analima na kumwagilia mahali ambapo hakuna mkubwa aliyemwambia kama ni pazuri au pabaya, na wakubwa wanaopaswa kumwambia wako, wanalipwa kila mwezi.

Angalia sahani yetu ya Lubumbashi. Bukari: mahindi yake kwa sehemu kubwa yanatokaka Zambia, na Zambia ikifunga mpaka, mji wote unalia. Ndakala zinatokaka Kalemie na Moba. Thomson inafika katika barafu toka bahari za mbali. Lakini mboga ya majani haisafiri. Lenga-lenga ikikatwa asubuhi, saa kumi imeshanyauka. Kwa hiyo inalimwa hapa hapa, katika mabonde ya mito yetu, kandokando ya Naviundu, ya Kafubu, ya mto Lubumbashi wenyewe, katika viwanja ambavyo hakuna aliyejenga bado, nyuma ya kuta za makampuni. Ndiyo chakula pekee mezani ambacho ni mtoto halisi wa udongo huu. Na udongo huu una historia.

Mji ulianza 1910, na tanuru la shaba likawaka 1911. Yaani tanuru na mji ni mapacha. Kile kiwanda ambacho wazee wanakiita Mumbunda kilitoa moshi kwa miaka mingi sana, na lile dombo refu, karibu mita 150, mpaka leo linaonekana toka kila kona. Upepo wa hapa, zaidi wakati wa kiangazi, unatokaka kusini-mashariki. Basi moshi ulikuwa unalala upande wa kaskazini-magharibi, mwaka baada ya mwaka, na kila kilichokuwa ndani ya moshi kikashuka chini: shaba, kobalti, risasi, zinki, kadmiamu. Ukifika Penga Penga utaona kwa macho. Kuna mahali ambapo hata nyasi zimekataa kuota. Watafiti wa kilimo wa Unilu wamepanda pale nyasi na miti, wakiweka chokaa na mbolea, ili udongo usipeperuke tena. Kazi nzuri, tunaisalimia. Lakini metali si kama ganda la ndizi. Haiozi. Kilichoshuka wakati wa babu zetu kiko pale pale, na juu yake kimeongezwa cha leo, juu ya viwanda vipya, lori, mabeseni ya maji machafu na vumbi la barabara.

Sasa, watu wengine wanasema haya ni maneno ya vijana wenye njaa. Haya, tuyaache maneno yetu, tusome ya wataalamu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na metali nyingi kuliko wale wa vijiji vya mbali. Kwa kobalti, waliandika wazi kwamba viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida. Si kwa wafanyakazi wa kiwanda, kwa watu wa kawaida: mama wa nyumbani, mwanafunzi, mzee wa pansheni.

Mwaka 2014 wengine wa kundi hilo walijiuliza: hii kobalti inaingia kwa mlango gani? Walipima maji, udongo, vumbi la ndani ya nyumba, na chakula. Kwa watu wakubwa, mlango mkubwa ulikuwa chakula, hasa mboga na nafaka zilizolimwa pale pale. Kwa watoto, vumbi nalo liliingia sana. Tunaomba usome tena sentensi hizo mbili, juu zinabadilisha mambo. Sisi wote tulizoea kufikiri kwamba sumu ya mgodi ni shida ya mchimbaji, ya yule anayeshuka shimoni. Kumbe inapanda mezani.

Kasulo, Kolwezi, ndiyo mfano ambao dunia inaujua. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na kartiye nzima ikageuka mashimo, wengine wakichimba ndani ya sebule. Utafiti uliotoka 2018 ulikuta watoto wa pale wana kobalti katika mkojo karibu mara 10 kuliko watoto wa kartiye nyingine, na ulikuta alama za uharibifu katika DNA yao. Halafu 2020 ukatoka utafiti mwingine, wa Lubumbashi, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema. Ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba anapofanya kazi inayohusu madini. Haukusema metali gani ndiyo yenye kosa, na sisi hatutausemesha kile haukusema.

Hapa tusimame kidogo, juu adui zetu wanapenda kutushika kwenye kosa la hesabu. Kobalti katika mkojo si ugonjwa. Ni alama kwamba kitu kimeingia mwilini. Mtu anaweza kuwa nayo na akacheza mpira vizuri. Hatuwezi kumwonyesha mtu mmoja mgonjwa wa moyo hapa Kampemba na kusema "huyu, ni fungu la Jumanne lililomfanya hivi". Hakuna mwanasayansi mzima atakayesema hivyo. Lakini sikia jinsi wakubwa wanavyoigeuza hiyo: "Hakuna uthibitisho, basi hakuna shida." Hapana, bakubwa. Uthibitisho haupatikani juu hakuna anayefuata watu mwaka kwa mwaka. Ukikataa kupima, utakosaje kukosa uthibitisho?

Na mwili wenyewe, unafanyaje? Hapa ndipo chakula na mazingira vinapokutana, na ndiyo sehemu ambayo inatukasirisha kuliko zote. Utumbo wa mtu una milango ya kupokea chuma kutoka kwenye chakula. Mtu akipungukiwa na damu, mwili unafungua milango hiyo zaidi, unatafuta chuma kwa nguvu. Shida ni kwamba kobalti na risasi zinajua kupita kwenye mlango ule ule. Kwa hiyo mama mwenye mimba asiye na damu ya kutosha, au mtoto anayekula bukari na mboga tu, siku saba kwa saba, bila nyama, bila samaki wa maana, mwili wake unavuta metali kuliko mwili wa tajiri anayekaa mtaa huo huo na kula steki. Vumbi ni lile lile, mboga ni ile ile, lakini maskini anaingiza zaidi. Njaa na uchafuzi havigawani kazi, vinasaidiana.

Kuna hadithi ya kweli toka Quebec, Kanada, ya miaka ya 1960, ambayo tungependa kila mwanafunzi wa udaktari hapa aijue. Viwanda vya bia kule viliweka chumvi ya kobalti kidogo katika bia, ili povu lake likae. Povu tu. Wanywaji wakubwa wakaanza kuugua moyo, na wengine wakafa kabla watu hawajaelewa. Walioumia walikuwa wanywaji wa kupita kiasi, na mara nyingi walikula vibaya, bila protini ya kutosha. Kobalti ilipotolewa katika bia, ugonjwa ukakoma. (Na ujue kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia wakati huo ilitokaka Katanga.) Kule walitafuta, wakapata, wakatoa. Sisi hatusemi kwamba mboga yetu ni kama bia ile. Tunasema kule mtu alienda kutafuta.

Turudi kwa shamba. Mmea unavuta maji kwa mizizi, na metali iliyoyeyuka katika maji inapanda pamoja nayo. Udongo ukiwa mchachu, metali inayeyuka kirahisi. Udongo ukiwekewa chokaa, inashikwa chini zaidi. Mbolea ya samadi nayo inasaidia kuishika. Na mimea si sawa: ya majani inakusanyaka zaidi, mahindi na matunda kwa kawaida kidogo. Watafiti wa Unilu walikwenda mpaka masokoni ya mji, wakanunua mboga kama mimi na wewe, wakapima, na wakakuta metali zinapita kipimo kinachokubaliwa. Kitabu cha matokeo kipo tangu 2013. Mwaka 2017 wengine wakaandika juu ya maji ya bonde la Naviundu, ya Luano, ya Ruashi na chemchemi ya Luwowoshi. Je, shefu wa kartiye yako alikuja kukusomea? Redio ilisoma? Kuna ubao wowote pale mtoni ulioandikwa "usimwagilie na maji haya"? Ukiuona, tupigie picha.

Watu wanasema: nikiosha mboga, si inatosha? Kuosha kunatoa vumbi lililokaa juu ya jani, na vumbi hilo si kidogo, zaidi kwenye masoko ya kando ya barabara ambako lori zinapita. Lakini kilichopanda kwa mizizi kiko ndani ya jani. Hukiondoi na maji, wala na chumvi, wala na ile permanganate ya zamani. Hiyo ni ya kuua vijidudu, na kipindupindu tunacho, usiache. Ila usidanganyike.

Mtoto ana njia yake ya pekee. Anatambaa chini, anaweka mkono mdomoni, anaokota biskuti iliyoanguka. Katika nyumba ya udongo, karibu na barabara ya lori, mwezi wa nane, ule mkono ni kijiko cha vumbi. Na risasi, tofauti na nyingine, madaktari wa dunia yote wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto.

Novemba 2025 mlisikia wote. Beseni la maji machafu ya kiwanda kimoja lilimwagika hapa mjini, maji yakaingia mpaka mitaani na katika mashamba ya watu, waziri wa migodi akasimamisha kazi ya kiwanda. Camera zilikuja. Minisita alikuja. Tulifurahi kuona kwamba mara hii sheria imeamka. Lakini maji yanaondokaka, matope yanabaki. Anayelima pale leo analima ndani ya nini? Ni nani amerudi kupima, miezi baada ya camera kuondoka? Uchafuzi wa ghafla unapata minisita. Uchafuzi wa kila siku, wa miaka 100, haupati hata karani.

Kuhusu pesa, wasituambie hakuna. Sheria ya madini ya 2018 inagawa ile mirahaba hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa mji, komini, sekteri na shefri ambako madini yanachimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Tumeona pesa hizo zikijenga viwanja vya mpira na maofisi ya komini yenye vioo vya bluu. Hatuchukii mpira. Tunauliza tu kama katika hiyo asilimia 15 kuna hata franka moja iliyonunua chupa ya kuwekea maji ya kupima.

Na Katiba yenyewe iko wazi, haitaki wakili mkubwa. Artikle 47 inahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Artikle 53 inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na kwamba serikali inaangalia ulinzi wa mazingira na afya ya watu. Inaangalia. Kwa macho gani?

Kwa hiyo tunachodai si miujiza. Tunataka maji ya mito ya mji na udongo wa mabustani makubwa yapimwe mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika, na matokeo yabandikwe sokoni na komini, kwa Kiswahili, na namba zake. Tunataka OCC, ambayo inajua sana kupima mizigo inayopita Kasumbalesa na kukata risiti, ipime pia mboga inayolimwa ndani ya mji. Tunataka vituo vya afya vya kartiye zilizo karibu na viwanda vifuate watoto na mama wenye mimba: damu, chuma, risasi, kobalti. Na pale ambapo bustani itakutwa mbaya, yule mama asifukuzwe na polisi wala asichomewe mboga yake mbele ya camera. Apewe shamba lingine, kisima safi, chokaa na mbegu, na mwenye kuchafua ndiye alipe. Tunaliweka hili mbele kwa sababu tunaijua nchi yetu. Hapa shida ikionekana, anayepigwa wa kwanza ni yule asiye na mtu. Operesheni ya kusafisha masoko itaanza kesho asubuhi, na viwanda vitaendelea kumwaga usiku.

Watasema hakuna watu wa kufanya kazi hiyo. Tunacheka, lakini kicheko kichungu. Katika kundi letu peke yake kuna waliomaliza kemia, agronomia, afya ya umma, jiolojia. Mmoja anauzisha mega na kadi za simu mbele ya poste. Mwingine anaendesha motari ya mjomba wake, jioni analeta versement. Wengine tunakaa nyumbani na memware yenye kichwa cha "uchafuzi wa metali nzito katika mboga", imefungwa vizuri katika kabati, na jury ilitupa distinction. Tunajua kuchukua sampuli. Tunajua kuandika namba ya mahali, saa, kina cha udongo. Mtupe glavu, chupa safi na usafiri, mlipe maabara ya chuo, na katika kiangazi kimoja mji utakuwa na ramani yake ya kwanza ambayo kila mama anaweza kuisoma. Itagharimu kidogo kuliko jipu moja ya wakubwa.

Sasa ya nyumbani. Tunayaandika kwa shingo upande, juu kila tukitoa shauri la namna hii, mzigo unatoka kwa kiwanda na kukaa kichwani kwa mama. Lakini watoto wanakula leo. Basi: pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji kuliko kufagia kavu, na viatu vibaki mlangoni. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, kila mara. Baba anayetoka mgodini avue nguo za kazi nje, zifuliwe peke yake. Mboga ipite katika maji matatu. Usile mboga ya bustani moja mwezi mzima, badilisha, leo lenga-lenga, kesho sombe ya kijijini, kesho kutwa maharagwe. Na ukipata franka kidogo, ongeza ndakala au maharagwe kabla ya kuongeza bia, juu mwili wenye damu ya kutosha unafunga ile milango tuliyosema. Mwenye bustani atafute chokaa ya kilimo na samadi ya kuku. Na umuulize mama wa mboga, kwa heshima, kama mtoto wake: "Mama, maji ya kumwagilia unateka wapi?" Usimuulize kama askari.

Barua yetu itapelekwa kwa meya wa mji, na nakala kwa mabarigomesta wa Annexe, Kampemba, Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi na Lubumbashi, pamoja na wizara ya jimbo ya mazingira. Ina maswali manne tu. Maji ya mto unaopita katika komini yako yalipimwa mara ya mwisho tarehe gani? Nani alipima? Matokeo yako wapi? Na katika ile asilimia 15 ya mirahaba, ni kiasi gani kiliingia mwaka uliopita, na kilinunua nini? Tunawapa siku 30. Majibu yatakayokuja tutayaweka hapa yote, neno kwa neno, hata yale ya kututukana, na komini ambayo haitajibu tutaandika jina lake na nafasi tupu mbele yake.

Anayetaka kubeba nakala moja mpaka komini yake atuandikie kabla ya Ijumaa. Aje na kalamu na accusé de réception iliyopigwa muhuri, si na mawe.